Presha ya mzee mkwe, mpira wa levo na mafuta ya alizeti: fundi bomba naomba kueleweshwa

fundi_Nkuhungu

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni fundi bomba hapa Dodoma, mwaka wa kumi na tisa huu. Udaktari sijasoma, na fizikia tuliachana kidato cha nne bila kuagana vizuri. Ila kuna jambo linanikera tangu wiki iliyopita, na nyumbani hakuna wa kunijibu.

Nilimsindikiza mzee mkwe kliniki ya presha. Ana miaka 67, dawa anatumia mwaka wa tatu. Tumekaa foleni tangu saa moja asubuhi. Alipoitwa akaketi kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono mmoja ukaning'inia pembeni kama wa mtu aliyebeba ndoo, huku anajibu maswali ya jina, kijiji na namba ya simu. Mashine ikasoma 168 kwa 96. Akaambiwa mishipa imeziba, apunguze mafuta, aje tena baada ya wiki mbili. Njia nzima kurudi nyumbani mzee ananiuliza: "Mkwe, wewe si ndiye mzibua mabomba? Hii yangu inazibuliwaje?"

Nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo, maana kwa akili ya kifundi haliniingii. Bomba la jikoni likiziba, mwenye nyumba hanipigii simu kusema presha imepanda. Ananiambia maji hayatoki. Sasa huyu mzee viganja vina moto, anaenda shambani kwake Hombolo na jembe begani na kurudi jioni. Damu inafika kila mahali. Kilichoziba ni nini?

Nikapiga hesabu moja iliyonishangaza zaidi. Presha ya 120 ni milimita za zebaki. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo ni sawa na maji yaliyosimama milimita 1,632. Mita moja na sentimita sitini na tatu! Hiyo ni simtanki juu ya mnara mfupi kuliko mimi. Mteja nikimfungia tanki kwa urefu huo, bafu lake litadondosha tu. Na kwa presha hiyo moyo unazungusha lita tano kila dakika kwenye vibomba visivyoonekana kwa macho. Inawezekanaje? Na hiyo ya kupanda hadi 168 inatoka wapi?

kijana_wa_Majengo

Uzi mtamu, naweka kambi. Mimi najua presha inaletwa na mawazo na madeni.

mwl_kanieneo

Mleta uzi, shikamoo. Nafundisha fizikia sekondari, na swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani.

Nianze na kilichokukera. Una haki: kuziba na kupanda kwa presha ni mambo mawili. Presha haishuki sawasawa njiani kutoka moyoni. Wastani wake inapotoka moyoni ni kama milimita 95. Ikifika kwenye kiwiko bado ni karibu ileile, maana mishipa mikubwa ni mipana na haili presha. Halafu inaingia kwenye vishipa vyembamba sana vya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni), vile vyenye kipenyo chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na hapo inaporomoka ghafla: ikitoka upande wa pili imebaki 35 hivi. Ndani ya kapilari, vishipa vyembamba kuliko vyote, inashuka hadi kama 15, na inaporudi moyoni ni karibu na sifuri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya presha yako inaliwa kwenye kipande kifupi kuliko kucha.

Na vishipa hivyo ni koki, tofauti na bomba la kawaida. Kila kimoja kimezungukwa na msuli wa duara unaokaza na kulegea. Ukikimbia, koki za mapaja zinafunguka. Ukishiba ugali wa uwele na mlenda, zinafunguka za tumboni. Mwili nao una mgao wa maji kama mitaa yetu: damu ni kama lita tano tu, haitoshi kufungulia kote kwa pamoja. Koki zote zikifunguka mara moja presha inaanguka na mtu anazimia. Hilo hutokea kweli kwa mgonjwa ambaye maambukizi yameenea kwenye damu.

Mtu wa presha ya kupanda, mara nyingi koki zake zimekazwa kidogo mwili mzima, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili lita tano zilezile zipite. Ndiyo maana viganja vya mzee vina moto. Damu inafika, ila kwa gharama.

Sasa "kidogo" ni kiasi gani? Hapa ndipo utamu ulipo. Kwenye bomba jembamba lenye mtiririko mtulivu, kiasi kinachopita hufuata kipeo cha nne cha upana, yaani upana mara upana mara upana mara upana. Ukizidisha kipenyo mara mbili, kinachopita hakiwi mara mbili wala mara nne. Kinakuwa mara kumi na sita. Ukikaza kwa asilimia 10 tu, kinachopita kinashuka kwa theluthi nzima. Ukitaka kirudi palepale, ongeza presha kwa nusu yake. Asilimia kumi tu, tena ya kitu kisichoonekana kwa macho!

fundi_Nkuhungu

Marahaba mwalimu. Hapo kwenye koki nimekuelewa kabisa. Hapo kwenye kumi na sita nina mashaka, maana bomba la nusu inchi na la inchi moja nimeyafunga maelfu na sijaona kumi na sita. Kesho nina nafasi, nitapima mwenyewe.

mzizi_wa_asili

Ndugu zangu kuna dawa ya asili inayozibua mishipa yote kwa siku 14, haina kemikali. Njoo inbox.

kijana_wa_Majengo

Nilijua tu hutachelewa.

fundi_Nkuhungu

Nimerudi. Nimechukua mpira wa levo, ule wa uwazi ambao waashi wanapimia msingi, na mpira mwembamba niliobakiza kwenye kazi ya umwagiliaji wa matone kwenye shamba la zabibu kule Mpunguzi. Vipenyo vya ndani nimevipima kwa biti za drili: biti ya milimita 6 imeingia kwenye wa levo bila kucheza, ya milimita 3 imeingia kwenye mwembamba. Nimekata vipande vya sentimita 20, nimetoboa ndoo mbili chini, nimebandika kwa silikoni, mipira inaning'inia wima. Maji ndani ya ndoo nimeyaweka sentimita 10 na kijana wangu anajazia yasishuke.

Lita tano kwenye mpira mnene: dakika 1 na sekunde 45. Lita tano kwenye mwembamba: dakika 9 na sekunde 50. Gawanya: mara tano na nusu hivi.

Mwalimu, kumi na sita iko wapi?

mwl_kanieneo

Nilisema mtiririko mtulivu, fundi.

injinia_mtarajiwa

Naomba niingilie, nasoma uhandisi mwaka wa tatu. Wote mko sahihi. Maji yako hayatembei kwa utulivu, yanajizungusha na kugongana humo ndani. Mtu aliyeonyesha hili wazi ni Osborne Reynolds, kule Manchester mwaka 1883: alipenyeza uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo lenye maji. Maji yakienda polepole uzi unanyooka kama umechorwa kwa rula. Ukifungulia zaidi unafika wakati uzi unatikisika, kisha unasambaratika na bomba zima linakuwa la rangi. Kinachoamua ni mwendo, upana na mnato (ule uzito wa kumiminika) kwa pamoja. Kwenye mabomba ya nyumba zetu maji ni ya vurugu karibu muda wote, ndiyo maana hujawahi kuiona kumi na sita kazini. Kwenye vishipa vya damu, wembamba na mwendo mdogo vinaifanya damu itulie kabisa.

Unataka kuiona kwa macho? Rudia kwa mafuta ya kula. Mafuta ya alizeti yana mnato mara hamsini hivi ya maji, yatatulia hata kwenye mpira wa levo.

fundi_Nkuhungu

Mafuta ya alizeti yako ndani, dumu la lita tano limeletwa kutoka Singida juzi. Tatizo ni mwenye dumu.

nesi_wa_zamu

Nimesoma uzi huu nikiwa zamu ya usiku, niongeze vitu viwili.

Cha kwanza, hiyo hesabu ya kumi na sita manesi tunaishi nayo bila kuijua jina. Kanula, vile vijibomba vya kuingizia dripu kwenye mshipa, zina rangi kwa unene. Ya pinki inapitisha kama mililita 60 kwa dakika, ya kijivu karibu 180. Ukizishika mkononi tofauti ya unene ni ndogo mno. Haifiki mara kumi na sita wala hesabu haitoki kamili, maana urefu wa kanula nao una lake, lakini mama akiletwa anatoka damu baada ya kujifungua hatumtafutii ya pinki. Tunaweka ya kijivu, tena mbili. Ndugu wa mgonjwa huwa anahangaika kunyanyua chupa ya dripu juu zaidi. Ukiinyanyua mara mbili utapata, ukijitahidi sana, mara mbili. Kanula nene ndiyo inayofanya kazi.

Cha pili, kipimo cha mzee wako sikipendi. Mkono ulining'inia, na wewe fundi ndiye ungetakiwa kushtuka wa kwanza.

fundi_Nkuhungu

Mungu wangu. Levo!

nesi_wa_zamu

Ndiyo hiyo. Kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kinatakiwa kiwe usawa wa moyo. Kila sentimita moja chini ya moyo inaongeza karibu milimita 0.8 ya zebaki, kwa uzito tu wa damu iliyosimama juu yake. Mkono ukishuka sentimita 15 umejiongezea kama 12 za bure. Changanya na mgongo usioegemea, kuongea huku unapimwa, na kibofu kilichojaa tangu saa moja asubuhi. Akae kimya dakika tano, aegemee, miguu yote chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza. Ndipo upime, na urudie.

Sisemi mzee hana presha. Dawa aendelee nayo. Nasema namba ile haikuwa yake yote.

mtoto_wa_Kibaigwa

Kumbe kimo kina maana? Je, Dodoma tuko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Dar akija huku presha inasoma tofauti?

mwl_kanieneo

Hapana. Mashine inapima ziada juu ya hewa inayokuzunguka, na hewa hiyo inakukandamiza wewe na mashine sawasawa. Kimo kinachohesabika ni cha ndani ya mwili wako, kati ya moyo na pale unapopima. Ukisimama, nyayo ziko zaidi ya mita moja chini ya moyo, kwa hiyo mishipa ya kule inabeba karibu 90 za ziada. Twiga yeye kichwa kiko mita mbili hivi juu ya moyo, ndiyo maana presha yake hapo moyoni ni kama mara mbili ya yetu. Kwa binadamu ingekuwa dharura. Kwa twiga ni Jumanne tu.

Kwa wapenda historia: mtu wa kwanza kuipima presha alikuwa mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales. Kitabu chake cha mwaka 1733 kinaeleza alivyomlaza farasi jike, akamwingiza mrija kwenye ateri akauunganisha na bomba refu la kioo lililosimama. Damu ikapanda zaidi ya futi nane. Hakuwa na zebaki wala kitambaa. Alipima kwa damu yenyewe, kama wewe ulivyohesabu kwa tanki. Na ile ya kipeo cha nne ilipatikana miaka ya 1840 hivi na watu wawili wasiojuana: daktari Mfaransa Poiseuille, aliyetaka kuelewa kapilari akatumia mirija ya kioo myembamba kama nywele, na Mjerumani Hagen, ambaye alikuwa mhandisi wa maji. Fundi, nusu ya kanuni hii ni ya ukoo wako.

fundi_Nkuhungu

Hagen ananitosha.

Wakuu, nimefanya. Mama watoto alikuwa sokoni Sabasaba. Ndoo zilezile, mipira ileile, mafuta ya alizeti sentimita 10. Robo lita kwenye mpira mnene: sekunde 34. Robo lita kwenye mwembamba: nimekaa pale kwenye kigoda, uzi wa mafuta unashuka mwembamba kama wa asali, hautikisiki, hauna sauti, unaweza kudhani umesimama. Dakika 8 na sekunde 50. Hiyo ni sekunde 530 kugawa kwa 34.

15.6.

Nimerudia. Mara ya pili 15.9. Nimekaa nikaiangalia ile saa kama mjinga. Nimefunga mabomba miaka kumi na tisa.

injinia_mtarajiwa

Heshima kwako mkuu. Umesema hauna sauti, sasa unganisha na hili: damu tulivu nayo ni kimya. Nesi, si mnatumia sauti kupima?

nesi_wa_zamu

Kabisa. Ukiweka kifaa cha kusikilizia kwenye kiwiko bila kufunga kitambaa, husikii kitu. Ukikaza hadi mshipa ufungwe, kimya. Ukilegeza polepole, damu inapenya kwa vurugu kwenye mshipa uliobanwa nusu, unasikia tap, tap, tap. Ya kwanza kusikika ndiyo namba ya juu. Sauti ikipotea, mshipa umefunguka wote, hiyo ndiyo ya chini. Daktari wa Kirusi, Korotkoff, aliieleza mwaka 1905 na bado tunaitumia.

fundi_Nkuhungu

Koki iliyofungwa nusu inapiga mluzi. Kila fundi anajua.

mlenda_wa_bibi

Samahani, niulize na mimi. Chumvi mnasema mbaya. Mimi chumvi nilishaacha, mlenda wangu naweka magadi tu. Niko salama?

nesi_wa_zamu

Dada yangu, magadi nayo ni sodiamu, ndugu wa chumvi. Ni sodiamu inayofanya mwili ushikilie maji, na maji yakiongezeka tanki linajaa zaidi. Punguza na hayo. Mlenda unavutika bila magadi ukiupiga vizuri, muulize bibi yako.

kijana_wa_Majengo

Kwa hiyo dawa zinafanya nini? Zinalegeza koki?

mwl_kanieneo

Baadhi. Ile ya kukojoza inapunguza maji ya tanki. Nyingine zinapunguza mwendo wa pampu. Amlodipini inalegeza ule msuli wa duara wa vishipa vya ateri, koki zenyewe.

fundi_Nkuhungu

Ngoja. Mzee anakunywa amlodipini, na tangu aongezewe vifundo vya miguu vinavimba jioni, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nilidhani ni figo. Ina uhusiano?

mwl_kanieneo

Fikiri kifundi. Koki ilikuwa inakula presha kabla ya kapilari. Umeilegeza. Presha inayofika kwenye kapilari inakuwaje?

fundi_Nkuhungu

Inapanda. Na kapilari zenyewe zinavuja kwa asili yake... kwa hiyo zinavuja zaidi. Na miguu iko chini, ina zile 90 za ziada tayari.

Aisee.

nesi_wa_zamu

Umejijibu, na mwalimu kakubana vizuri. Ni jambo linalojulikana kwa dawa hiyo. Lakini kuvimba miguu kuna sababu nyingine, ikiwemo hiyo figo na moyo, kwa hiyo asiache dawa mwenyewe. Mrudishe, waeleze vifundo, wanaweza kupunguza dozi au kubadilisha.

mama_wa_wawili

Niulize nje kidogo. Mwanangu ana selimundu. Kwenye hizo kapilari nini kinatokea?

mwl_kanieneo

Si nje ya mada hata kidogo, dada. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko chembe nyekundu ya damu yenyewe. Chembe ina upana wa mikroni nane hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kapilari inaweza kuwa na tano. Inapita kwa kujikunja, mojamoja, kama watu wanaopita mlango wa daladala. Na haina haraka: kwenye mshipa mkuu damu inaenda sentimita ishirini na zaidi kwa sekunde, kwenye kapilari ni milimita moja au pungufu. Ni kama Mto Bubu unavyoingia mbuga ya Bahi: maji ni yaleyale, yametandazwa pana, yanalala. Hapo ndipo oksijeni inapata muda wa kushuka.

Kwenye vishipa vyembamba damu ina ujanja mwingine. Chembe hukusanyika katikati, ule umajimaji unabaki ukutani kama mafuta ya kulainishia, na damu inapita kwa wepesi kuliko ungetegemea kwa unene wake. Fåhraeus na Lindqvist walilionyesha mwaka 1931. Selimundu inaharibu ujanja huo wote. Chembe ikipungukiwa oksijeni inakuwa ngumu na kuchongoka, haikunjiki, inakwama mlangoni na zilizo nyuma yake zinasongamana. Hapo ndipo maumivu. Maji mengi na kuepuka baridi vinasaidia kwa sababu hiyohiyo: damu isiwe nzito, koki zisikaze. Hii baridi ya Juni ya kwetu mfunike vizuri.

mama_wa_wawili

Asante sana mwalimu. Miaka sita nimeambiwa "anywe maji" bila mtu kuniambia kwa nini.

mzizi_wa_asili

Dawa yangu inasafisha hata kapilari.

fundi_Nkuhungu

Ndugu yangu, koki ya mzee imekazwa, haijaziba. Utazibua nini? Ukiwa na dawa ya kumfanya fundi akumbuke kufunga levo, hiyo nitanunua.

injinia_mtarajiwa

Tusimwonee sana, kuziba kupo. Mafuta yanayojijenga kwenye ateri kubwa, za moyo na za shingo, ni kama chokaa ya maji ya visima vyetu kwenye birika. Presha iliyokaa juu miaka mingi inaharakisha hilo, na hata vile vishipa kuta zake zinanenepa kwa kubebeshwa mzigo. Ila huko hakuna cha kuzibua kwa siku 14.

fundi_Nkuhungu

Mrejesho. Leo nimemrudisha mzee. Nimeomba kwa adabu akae kwanza, nikasogeza kiti chenye egemeo, mkono ukawekwa mezani juu ya sweta langu lililokunjwa. Dakika tano kimya, kazi ngumu kwa mzee yule. 151 kwa 88, ikarudiwa 149 kwa 88. Bado iko juu, dawa inaendelea, na kwa sababu ya vifundo wamembadilishia dozi. Amenunua kitochi na daftari, anataka kipimo kiandikwe na urefu wa meza.

kijana_wa_Majengo

Na mafuta je?

fundi_Nkuhungu

Nilichuja kwa kitambaa nikayarudisha kwenye dumu. Jana tumekaangia samaki. Mama watoto anauliza kwa nini wananuka silikoni.